Nilivyotolewa tezi dume kwa roboti, na zoezi nililokosea wiki tatu

Niliposema nakwenda Chennai, India, kutolewa tezi dume kwa roboti, shemeji yangu pale Tanga alinishika mkono: "Kaka, mashine ikikosea utamshtaki nani?" Jirani akaniletea magome ya kuchemsha, ati saratani hukauka. Miezi mitatu imepotea hivyo, PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikatoka 9 hadi 11. Bado inaniudhi.

Roboti haikati kitu kwa akili yake. Daktari bingwa alinieleza mapema: yeye anakaa hatua chache kutoka kitandani, macho kwenye kioo kinachokuza ndani ya tumbo kama mara kumi, vidole kwenye vishikio, miguu kwenye pedali. Akigeuza kiganja, mkasi mdogo nao unageuka. Akitulia, unatulia. Tezi dume imejificha chini ya kibofu, nyuma ya mfupa wa kinena, na mishipa ya fahamu ya nguvu za kiume imeigandia ubavuni. Huko mkono wa mtu hukosa nafasi. Nikamuuliza amefanya ngapi. Zaidi ya mia sita, akasema. Muulize na wako, usione haya.

Nilipoingizwa niliona mikono minne imevishwa plastiki, kisha nusu kaputi ikanichukua. Naamka nina matundu sita madogo, uso umevimba kwa sababu ya kulazwa kichwa chini, na kilichouma zaidi ni mabega! Ni ile hewa wanayojazia tumbo. Ukitembeatembea inaisha. Siku ya tatu nilikuwa chumba cha kupanga, mfuko wa mkojo umefungwa pajani chini ya kikoi. Beba vikoi, suruali hutaitaka. Jumla, pamoja na tiketi zangu na za mke wangu, ilikwenda kama dola elfu tisa au kumi.

Sasa mkojo. Mpira wa kupitishia mkojo ulitolewa siku ya 9. Nikasimama, ukachuruzika mpaka kwenye ndala. Karatasi niliyopewa ilisema "fanya mazoezi ya nyonga", basi. Nikafanya kwa moyo wote! Wiki tatu nabana makalio, nakaza tumbo, nazuia pumzi hadi jasho, na pampasi nne kwa siku. Nikazidi kuvuja. Kilichoniumiza zaidi ni swala: kila kipindi udhu mpya na kitambaa kipya, na nikiinuka kwenye sijida nahisi tone.

Nimerudi nyumbani, mama mmoja wa fiziotherapia akanisimamisha mbele ya kioo nikiwa sina nguo chini. "Baba, weka mkono kwenye tako. Likikaza, umekosea. Haya, fikiria unaingia baharini alfajiri, maji ya baridi yamekufika kinenani." Nikavuta. Tako limetulia, tumbo limelegea, na kwenye kioo nikaona uume umejirudisha ndani na mapumbu yameinuka kidogo. "Ndio huo msuli," akasema. Hata dakika kumi hazikufika. Zoezi hili ungejifunza kabla ya upasuaji ingekuwa bora zaidi, ila mpira ukiwa ndani liache kabisa.

Akaniongezea jambo lililonisaidia kuliko yote: bana kwanza, ndipo ukohoe, ndipo uinuke, ndipo unyanyue ndoo. Mimi nikaliweka kwenye swala. Kabla ya kurukuu, nabana. Kabla ya kuinuka kutoka sijida, nabana.

PSA ya wiki ya sita ilikuja chini ya 0.1, karibu hakuna, nikakaa kwenye benchi la maabara nikalia. Pampasi zikapungua zikawa mbili, kisha moja. Mwezi wa nne, Ijumaa, nilikwenda msikitini nikiwa na moja tu, imekunjwa mfukoni mwa kanzu. Nikarudi nayo vilevile, nikamwonyesha mke wangu mlangoni.