Kabla hujahamia Tengeru, uliza zamu ya maji

Haipiti wiki mbili kabla mtu hajaniuliza bei ya viwanja Tengeru, nje kidogo ya Arusha, ninakoishi. Mimi nauza daftari na kutoa fotokopi mjini Arusha, na watu wakiwa wanasubiri karatasi zao huanza mazungumzo: "Dada, kule kwenu robo eka inakwendaje siku hizi?" Nami huwauliza: unataka juu ya barabara au chini? Na mfereji wa kumwagilia unapita upande gani? Wanacheka, wanadhani nimetumwa na dalali. Basi leo nimeamua kuandika yote, ili akija mwingine nimtumie tu hii na mimi niendelee na fotokopi zangu.

Anza na barabara. Barabara ya Moshi imeikata nchi hii vipande viwili. Ukitoka mjini ukapita Sanawari, Philips, Ngulelo na Shangarai, mkono wako wa kushoto ardhi inapanda kuelekea Mlima Meru. Huko ni migomba, kahawa chini ya migomba, ng'ombe wawili watatu bandani, na mwezi wa saba ukungu mzito mpaka mtoto anakwenda shule amevaa koti la baba yake. Mkono wa kulia ardhi inashuka na kutanuka. Migomba inapungua, upepo unaanza, na ukiteremka hadi Kikwe au Mbuguni unakuta jua, vumbi na mashamba ya nyanya, vitunguu na mahindi yasiyojua kivuli.

Mito inateremka kutoka mlimani ikiikata barabara mmoja baada ya mwingine: Nduruma, Tengeru, Malala, Usa. Yote inaishia Mto Kikuletwa, na Kikuletwa unaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu Mto Pangani, halafu bahari. Maji niliyofulia juzi yatafika Pangani mjini kabla yangu, maana mimi mwenyewe sijawahi kufika.

Nilihamia hapa kabla ile barabara ya njia nne ya kutoka Sakina haijakamilika. Siku hizo kufika kazini ilikuwa bahati nasibu. Kutoka mjini ni kilomita kama 13, na njia nne zinaishia hapahapa Tengeru, kwa hiyo foleni nayo inaanzia hapahapa. Nilikuwa natokea Kaloleni, nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita na bomba moja. Nilichokuwa nakitaka ni ukimya na mahali pa kupanda mchicha. Nikapata vyumba viwili kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, cha bibi mmoja mjane, upande wa juu, na nyuma ya nyumba kipande cha ardhi chenye ukubwa wa chumba cha darasa. Pembeni yake unapita mfereji, maji meupe yanakimbia mchana na usiku. Nikasema Mungu ameniona.

Ilikuwa Septemba, kiangazi kimekaza. Mchicha wangu na mnafu vilikuwa vimeanza kulegea. Usiku mmoja nikachukua jembe, nikatoa lile jiwe na matope yaliyoziba mdomo wa mfereji, maji yakaingia shambani kwangu. Nikalala nimefurahi.

Saa kumi na moja alfajiri mlango unagongwa. Nikafungua, nikaona mzee amevaa koti refu na gambuti, jembe begani, suruali imelowa hadi magotini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ndiye mgeni wa kwa bibi?"

"Ndiyo babu."

"Maji ya usiku huu ni ya nani, mwanangu?"

Nikamwambia sijui, nimeyakuta yanapita tu. Yule mzee hakupandisha sauti. Alinieleza kwamba usiku ule ulikuwa zamu ya mtu wa chini ya barabara, mwenye mahindi yaliyokuwa yanatoa mbelewele, na kwamba alikaa tangu saa nne usiku na tochi akisubiri maji yasiyofika. Mzee alikuwa ameufuata mfereji kwa miguu kutoka huko chini, anaangalia mdomo mmoja mmoja, mpaka akafika kwangu. Kisha akaniuliza swali ambalo bado linanichoma: "Huko mjini ukikuta chakula kimepita mbele ya mlango unakula?"

Nilipelekwa kwenye kikao cha mfereji Jumapili baada ya ibada. Ndiyo, mfereji una kikao, una mwenyekiti, una katibu mwenye daftari (nililomuuzia baadaye kwa bei ya jumla), na una faini. Yangu ilikuwa kreti mbili za soda na kumwomba radhi mwenye mahindi mbele ya watu. Nilivyokwisha kuomba radhi, yule mwenye mahindi akanyoosha mkono akasema yameisha, akaniuliza kama mchicha umepona. Ulikuwa umepona.

Basi hili ndilo ninalotaka mtu wa mjini alielewe. Hapa ukinunua au ukipanga, unaingia kwenye foleni ya maji iliyokuwapo kabla yako. Ina siku, ina saa, na ina majirani walio kilomita nyingi chini yako ambao hutawaona ila kwenye kikao. Juu ya mambo ya kimila kuna ya serikali pia. Mito yote hii iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi zake Moshi, na anayechota mtoni kwa mtambo anatakiwa awe na kibali. Mtu ameweka pampu kimyakimya mtoni usiku akidhani hakuna anayesikia, lakini bondeni sauti ya pampu inasafiri kuliko kengele ya kanisa.

Halafu kuna msaragambo. Kabla ya msimu kila nyumba inatoa mtu wa kusafisha mfereji: kuzoa tope, kukata majani, kuziba pale panya alipotoboa. Ukituma hela badala ya mtu itapokelewa, ila utaitwa "yule wa hela" mpaka siku unahama. Mimi nilikwenda mwenyewe na jembe la kuazima. Nilitoka na malengelenge viganja vyote viwili, na kwa mara ya kwanza wakina mama wa juu wakanikaribisha loshoro kutoka kwenye sufuria lao. Mahindi yaliyokobolewa na maziwa mgando. Kwa mtu wa chipsi kama mimi, kijiko cha kwanza ni kigumu, cha tatu unaomba cha nne.

Maji ya kunywa ni habari nyingine, na hapa naomba usome polepole. Udongo na miamba ya volkano ya Meru ina madini ya floridi, na vyanzo vingi vya ukanda huu vinayo kupita kiasi. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna mito na visima huku vinavyozidi hapo mara nyingi. Kadiri unavyosogea mashariki, Maji ya Chai na Ngurdoto, ndivyo hali inavyozidi. Utaona watu wazima wenye meno ya rangi ya kahawia, watu safi wanaopiga mswaki kuliko wewe. Meno yao yaliharibikia kwenye ufizi, utotoni, kabla hayajaota. Floridi ikizidi sana hata mifupa hupinda. Kuchemsha hakusaidii, maana maji yanapungua na floridi inabaki palepale. Chujio la kawaida la dukani nalo haliiondoi. Kuna kituo cha utafiti Ngurdoto ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na hiyo njia inafanya kazi. Mvua haina neno: weka mabati safi, mabomba ya paa na simtanki kubwa kuliko unavyodhani unahitaji. Kama una mtoto mdogo, kabla hujauliza bei ya kiwanja uliza maji ya bomba la pale yanatoka chanzo kipi, na yamepimwa lini.

Na magadi. Tunapenda maharage yalainike haraka, lakini magadi mengi ya huku nayo yamejaa floridi. Nimeacha. Maharage yangu yanachukua saa mbili na nusu na majirani wananishangaa.

Gulio ni Jumatano na Jumamosi. Usipange safari ya haraka siku hizo, hasa Jumamosi, kwa sababu mikokoteni, bodaboda na wakina mama wenye ndizi vichwani ndio wenye barabara. Wa juu wanashuka na ndizi mshare, maparachichi, kahawa kidogo na maziwa. Wa chini wanapanda na nyanya, vitunguu na mahindi. Wamaasai wanakuja na dawa za miti na makatambuga. Vipimo ni sado na debe, na muuzaji akikupimia angalia mkono wake, kuna sado zimebonyezwa kitako kwa ustadi mkubwa. Mimi nanunua jioni, saa kumi na mbili hivi, wakati hakuna anayetaka kubeba mzigo kurudi mlimani.

Ukiona nyanya ngumu, ya ganda nene, isiyopasuka hata ikisafiri kwenye tenga hadi Dar, uliza jina. Huenda ukaambiwa Tengeru 97. Hiyo mbegu ilitoka kwenye kituo cha utafiti wa mboga na matunda cha hapahapa, tulichozoea kukiita Horti na sasa kinaitwa TARI Tengeru. Wasomi wengi wamejibanza kwenye migomba hii: kuna chuo cha mifugo, chuo cha maendeleo ya jamii, chuo cha ualimu wa elimu maalumu Patandi, Taasisi ya Nelson Mandela pale Nambala, na mbele kidogo chuo kikuu cha Makumira. Ndiyo maana vyumba vya kupanga vinapanda bei vyuo vikifunguliwa. Tafuta chumba wakiwa likizo.

Ziwa Duluti kila mtu atakwambia uende. Nenda, ni zuri, ni shimo la volkano lililojaa maji na msitu kulizunguka. Mimi wageni wangu nawapeleka kwanza makaburini. Ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi ya Wapolandi. Mwaka 1942 waliletwa hapa wakimbizi kutoka Polandi, karibu 5,000, wengi wakina mama na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti hadi Siberia, wakatokea Uajemi, wakavuka bahari hadi Tengeru. Walikaa karibu miaka kumi kwenye vibanda vya mviringo vya udongo na paa la majani, wakawa na shule, kanisa na mashamba. Waliokufa wamebaki. Misalaba imepangwa safi, majina marefu yenye herufi ambazo ulimi wangu haujui pa kuanzia. Bibi mwenye nyumba wangu anakumbuka mama yake alikuwa akiwauzia ndizi, na kwamba walikuwa wakizikaanga na sukari, jambo ambalo kijiji kizima kilikwenda kulitazama.

Sasa ardhi. Wameru wana sababu ya kuwa wagumu, usiwachukulie vibaya. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwatoa watu Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, nyumba zikachomwa, ili eneo wapewe walowezi wa kufuga ng'ombe. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuuwasilisha mkasa huo mbele ya Umoja wa Mataifa. Wazee wanauzungumzia kana kwamba ulitokea juzi. Kwa hiyo ukija na dalali mwenye ramani kwenye simu, usishangae ukipewa chai na usipewe jibu. Kihamba ni cha ukoo, baba na babu wamezikwa pale nyuma ya migomba. Hata kama kijana amekubali kukuuzia, kaa na mama yake, dada zake na wajomba, halafu serikali ya kijiji, wote waandike. Dada zake hasa. Nimeona nyumba imesimama kwenye lenta mwaka wa nne huu kwa sababu dada mmoja anayeishi Babati hakuulizwa.

Na kile kiwanja "cha mtoni kabisa" usikiguse. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto zisifanyiwe shughuli za kudumu. Hata bila sheria, njoo mwezi wa nne masika yamekolea, simama darajani uangalie mto huu mpole ukipita na magogo na mawe yanayogongana kama magunia ya vyuma. Utajua mwenyewe ujenge wapi.

Mengine madogo: nunua gambuti kabla ya kununua sofa. Udongo ukilowa bodaboda hawapandi juu, au wanapanda kwa bei ya teksi. Salamu usizipite, hata ukiwa umechelewa. Mbwa wa hapa wanafunguliwa saa nne usiku.

Mimi sasa nimo kwenye daftari la mfereji. Zamu yangu ni Alhamisi, kuanzia saa tatu usiku mpaka saa sita, halafu maji yanashuka kwa yule mwenye mahindi. Leo ni Alhamisi. Wa juu yangu amenipigia sasa hivi: "Mama, nimefunga kwangu, yanakuja." Gambuti ziko mlangoni, tochi imechajiwa nusu, acha nitoke.