Karela na Vidonge Vyeupe

Ilikuwa Julai 2016, wiki ya pili baada ya Idd el Fitri. Nimekaa barazani kwa babu yangu, Konde, Pemba, natwanga habbasoda, mara nikasikia baskeli inaangushwa uwanjani. Kijana aliyeiangusha alikuwa amempakia baba yake nyuma, kamfunga kwa kanga kiunoni mwake asidondoke njiani.

"Babu, tusaidie! Mzee kapandwa na shetani."

Niseme kwanza mimi nilikuwa nafanya nini pale. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa shahada ya sayansi na ualimu huko Unguja, kemia na baiolojia. Kila likizo nilipanda boti Malindi, nikateremka Mkoani, nikaunga gari hadi Konde kusoma tiba kwa babu, mzaa mama. Watu walimwita tabibu. Mwenyewe hakupenda kuitwa mganga, kwani hapungi wala hapigi ramli. Kazi yake ilikuwa majani, mizizi, kuumika, na ile elimu ya kale ya mizaji minne, yaani majimaji ya mwili yakipishana mtu huugua: damu, balghamu, safura (nyongo) na sauda (nyongo nyeusi). Mswahili anayelalamika baridi yabisi anasema maneno ya matabibu wa zama za Ibn Sina, tabibu wa karibu miaka elfu iliyopita, bila kujua, na hilo nilifundishwa na babu, si skuli. Cheti chake cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kilitundikwa ukutani ndani ya nailoni, karibu na kalenda ya nyakati za sala.

Nilikuwa nimesoma kwamba Marekani na Kanada kuna vyuo vya naturopathia, yaani tiba inayotanguliza chakula, mimea na mwenendo wa maisha. Kwa kawaida mwanafunzi humaliza shahada ya kwanza, kisha anasoma miaka 4 mingine, na viko vyuo vilivyopatana na vyuo vikuu ili asome miaka 3 ya shahada na kuunganisha moja kwa moja. Mpango kama huo kwetu sikuuona, na nauli ya kwenda huko sikuwa nayo. Nikajitengenezea wangu: mihula Unguja, likizo Konde. Maabara tulikamua mafuta ya karafuu kwa mvuke, tukaambiwa kilichomo ni yujenoli, kemikali inayotia ganzi. Konde nilimwona babu akibandika punje ya karafuu iliyopondwa kwenye jino bovu la mtoto, na mtoto akanyamaza. Kwangu lilikuwa somo moja.

Mzee aliyeletwa tulimjua. Ana sukari. Wiki moja kabla alikuja kulalamika ganzi ya miguu, babu akamwambia akamue karela, lile tunda chungu, anywe maji yake kwa kikombe cha kahawa asubuhi na jioni. Sasa kanzu imemganda mgongoni kwa jasho, mikono inatetemeka, anatutukana sote, mtu ambaye hapo kijijini hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Wagonjwa wawili waliokuwa wakingoja zamu wakaanza kusoma Ayatul Kursi.

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi, umelowa kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi.

"Kaka, mzee kala nini leo?"

"Hakula. Kafunga, anamalizia siku zake sita za Shawwali."

"Na dawa?"

"Kameza za hospitali wakati wa daku. Akanywa na karela yake."

Akatoa mfukoni kifuko cha kaki kilichokunjwa mara nne. Nikakikunjua. Vidonge vidogo vyeupe, na juu ya karatasi mwandiko wa kalamu ya buluu: glibenklamaidi, miligramu 5. Dawa hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini, inayoshusha sukari ya damu, uwe umekula au hukula. Karela nayo huteremsha sukari. Vyote viwili vilikuwa vinafanya kazi ndani ya tumbo tupu tangu alfajiri, na jua lilishapita utosini.

"Babu, sukari imemshuka. Apewe maji ya sukari sasa hivi."

"Kafunga!" kijana akasema, akamkinga baba yake kwa mkono.

Sikuwa na jawabu. Nilikuwa na miaka 21, msichana, mbele ya watu wazima, na jambo lenyewe la ibada. Babu ndiye aliyejibu, bila kuinua sauti: "Mgonjwa hana saumu, mwanangu. Leteni sukari."

Bibi alitoka mbio na kopo zima. Vijiko vinne, nikakoroga. Nikamwuliza mzee jina lake, akalitaja kwa tabu. Nikamwambia ameze mate, akameza. Lau angekuwa amezimia nisingethubutu kumtia kitu kinywani, angepaliwa. Alikunywa nusu bilauri, nusu ikamwagikia kifuani. Tukangoja. Sijawahi kuona robo saa ndefu kama ile. Mikono ikaanza kutulia, kisha akainua kichwa, akamtazama mwanawe na kuuliza, "Nani kanileta huku? Baskeli iko wapi?"

Kijana alilia. Wengine wakamshukuru Mungu, mmoja akanipiga bega. Mimi moyo haukutulia, kwa sababu dawa ile hukaa mwilini saa nyingi na sukari huweza kushuka tena. Nikasema lazima aende hospitali, apimwe, aangaliwe mpaka kesho. Babu hakubisha. Aliingia ndani, akatoka na pesa ya gari, akamtia kijana mkononi.

Jioni ile sikula. Hospitali walimpa vidonge na hakuna aliyemwuliza anakunywa majani gani. Barazani tulimpa karela na hakuna aliyemwuliza anameza vidonge gani. Na daftari la wagonjwa nilikuwa naandika mimi. Nililifungua nikaukuta mwandiko wangu wa wiki ile: karela, kikombe kimoja, asubuhi na jioni. Kemia nilikuwa naijua. Nilichokosa ni kuuliza, na katika kuandika kwangu kote sikuwa nimeacha nafasi ya swali hilo.

Babu hakusema neno hadi baada ya sala ya Isha. Akaja na kandili, maana umeme ulikuwa umekatika, na chini ya kwapa ana kitabu chake cha dawa, kile alichokiandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu tangu ujana wake. Akafungua ukurasa wa karela.

"Ile dawa nyeupe inaitwaje?"

Nikamtajia. Akaniambia nirudie, polepole, kipande kwa kipande. Glibe. Nkla. Maidi. Akaandika pembeni ya karela, akatia nukta, akapuliza wino ukauke, kisha akanisomea. Alikuwa amelipata.

"Sasa," akasema, kalamu bado iko mkononi, "nitajie za presha."