Santuri za Mjomba: Nilipofikia hadi sasa

Siku ya 1

Kreti limefika kutoka Kizota, limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani mna santuri 43 za marehemu mjomba, aliyekuwa karani wa reli enzi zile reli ikiwa ya Afrika Mashariki nzima. Nataka kuziingiza zote kwenye kompyuta kabla hazijafa. Ukame wa Dodoma umezisaidia, maana hakuna ukungu hata kwenye moja. Vumbi lakini! Vumbi letu jekundu limejaa kwenye mifereji mpaka ukipitisha kidole kinatoka kama umeshika tofali.

Siku ya 4

Leo nimeua santuri. Kuna 6 nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika, za zamani kuliko zenzake. Moja nikaifuta kwa spiriti, kama ninavyofuta kioo cha simu. Santuri hizo zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu, si plastiki, na spiriti huuyeyusha. Uso wake umebaki kama ukoko wa ugali. Anayetaka kuanza kazi hii atumie maji na tone la sabuni, kitambaa laini, kisha aziache zikauke kivulini. Na zile za 78 zinataka sindano yake, kwa sababu mifereji yake ni mipana. Sina sindano hiyo, kwa hiyo zimerudi kwenye kreti.

Siku ya 11

Mkanda wa mpira wa mashine ya kuchezea santuri niliouziwa mjini ulikuwa mrefu, kila bendi ikaimba kama iko usingizini. Nimepata mwingine. Sasa nimeingiza 9: NUTA Jazz na mtindo wao wa msondo, Western Jazz na wao wa saboso, Morogoro Jazz, na rumba kadhaa za Kongo. Karibu zote zimechapwa Nairobi. Hapa kwetu kiwanda cha santuri hakikuwepo. Bendi zilirekodiwa Radio Tanzania, na aliyetaka kuwa na wimbo wake mkononi aliutegemea Nairobi. Ndiyo maana karani wa reli alikuwa mtu wa maana sana kwa vijana wa Majengo. Mzigo ukishuka stesheni, jioni watu wanapiga hodi.

Siku ya 16

Kwenye jalada moja nimekuta picha. Msichana amesimama mbele ya pazia lililochorwa minazi (minazi, Dodoma!), amevaa kimini, ameshika santuri kifuani. Ni Mama Mkubwa, dada yake mjomba, ambaye mimi nimemjua akiwa na khanga mbili na Biblia tu.

Nimeipeleka Kikuyu, mtaa wa hapa Dodoma anakokaa, nikamsalimu Kigogo. "Mbukwa, Mama Mkubwa." "Mbukwa, mwanangu, umeniletea nini?" Akaitazama muda mrefu, akaigeuza, akasema: "Hii ni sitini na saba. Mwaka wa Azimio la Arusha."

Mjomba mdogo, aliyekuwa anamenya karanga, akadakia: "Sitini na saba wapi! Hii ni baada ya Operesheni Vijana, ile ya kukataza vimini. Nakumbuka hata pekosi zako." Pekosi, yaani suruali pana miguuni, na viatu vya laizoni vya soli nene ni vya miaka ya sabini, kwa hiyo kumbukumbu yake nayo imechanganya mafaili. Wakabishana mpaka chai ikapoa.

Nikarekodi ubishi wote. Mama Mkubwa alikuwa Umoja wa Vijana wa TANU, mwenye sare na kadi. Azimio lilipotangazwa Februari 1967, anasema, waliandamana mpaka miguu ikavimba. Mwaka ule nchi nzima ilikuwa inatembea. Oktoba Mwalimu mwenyewe alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza. "Tulidhani tukitembea vya kutosha tutafika," akasema, akacheka peke yake.

Kuhusu Operesheni hakutaka kuzungumza.

Siku ya 18

Nimekaa na tarehe. Umoja wa Vijana ulitangaza Operesheni Oktoba 1968, ikaanza rasmi Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969: vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua, vyote marufuku. Mwaka huohuo muziki wa soul nao ukapigwa marufuku Dar. Ninachokishangaa ni kwamba muda si mrefu kabla ya hapo, kule Arusha, Wamasai walikuwa wanaambiwa waache lubega wavae suruali. Mjini umevaa Kizungu mno, porini hujavaa Kizungu vya kutosha. Kijana wa wakati ule alitakiwa asimame katikati, na hapo katikati palipimwa na mwenye sare.

Siku ya 20

Nimeikuza picha. Jalada la santuri aliyoshika lina doa la wino kwenye kona. Jalada lenye doa hilo ninalo! Ni la Western Jazz, na nyuma kuna mwandiko wa mjomba: "Dom, Krismasi 68."

Basi picha haiwezi kuwa ya 1967. Santuri ilifika Krismasi, na siku saba baadaye Operesheni ikaanza.

Siku ya 21

Nimerudi Kikuyu na jalada. Mama Mkubwa akasoma ule mwandiko, akanyamaza, kisha akamtuma mjomba mdogo dukani kununua sukari ambayo ilikuwepo.

"Ilikuwa Februari," akaniambia. "Asubuhi tulikuwa kwenye mkutano wa tawi, na mimi ndiye niliyesimama kusema vimini ni aibu ya taifa. Nilisema vizuri, wakapiga makofi. Jioni nikajifunga khanga juu ya hicho kigauni, nikaenda kwa Mhindi wa picha kule Uhindini. Ndani nikaivua. Akapiga. Nikajifunga tena."

Nikamuuliza alikuwa anadanganya wapi, mkutanoni au studio.

"Sikudanganya popote. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

Nikamwekea wimbo kwenye simu. Akaimba nao taratibu. Katikati ya ubeti wa pili santuri ina mkwaruzo, sauti inaruka neno zima, na nilipanga kulishona pengo hilo kwa programu. Mama Mkubwa alipofika pale akaruka naye, neno lilelile, bila kusita, akaendelea.

Nimeliacha pengo lilivyo.

Siku ya 25

Zimeingia 22. Bado 15 za kawaida na 5 zinazosubiri sindano. Mama Mkubwa ameomba nakala kubwa ya picha, na ameagiza nimpelekee siku ambayo mchungaji hayupo.