Mahamri ya Alhamisi

Nimerudi kutoka Tudor, mtaa wa Mombasa, saa moja unusu usiku, miguu imechoka kwa kusimama kwenye feri, na bado nacheka peke yangu. Nacheka kwa aibu, lakini nacheka.

Kila Alhamisi ya pili ya mwezi naenda kwa Mwalimu. Ndivyo ninavyomwita, ingawa hajapata kunifundisha darasani. Ni mshauri nasaha aliyenitangulia mbali katika kazi hii, na ninachofuata kwake ni kumweleza jinsi ninavyowasikiliza wateja wangu, naye anisikilize mimi. Wenyewe kazini twaiita supavisheni. Kwenye karatasi huandikwa "usimamizi wa kitaaluma", na neno hilo silipendi. Msimamizi, kwa mtu wa kawaida, ni yule azungukaye chumba cha mtihani akichungulia madawati, au asimamaye kwenye mjengo akihesabu mifuko ya saruji. Nilipomwambia dadangu kwamba mimi pia nina msimamizi, aliniuliza, "Kwani umekosa nini?"

Heri wangekopa neno kwa makungwi. Kungwi aliwafunda wari, na juu ya makungwi alikuwako nyakanga, mkuu wao. Sidhani kuna aliyeuliza kungwi amekosa nini hata awe na nyakanga.

Basi leo nimefika nimechelewa robo saa, mkononi nina mahamri kumi yaliyofungwa kwenye gazeti, ya moto, mafuta yameshapenya mpaka ukurasa wa michezo. Niliyanunua pale ninaposhukia matatu. Miaka yote hiyo sijampelekea Mwalimu hata peremende. Nikayaweka mezani, nikasema, "Mwalimu, chai ipo? Nimekuletea cha kutafunia." Kisha nikaanza kumhadithia foleni ya feri, na yule kijana wa mkokoteni aliyetaka kutuangusha majini sote, na joto la leo. Mwalimu akaitikia kila kituo kama inavyopasa. Gazeti hakulifungua.

Nilipomaliza akauliza, "Leo una nani?"

Nikamwambia sina neno, wateja wangu wote waendelea vyema, ila kuna mama mmoja ambaye mimi naye hatusongi. (Mambo ya mteja nayaandika kwa kufunikafunika. Nimebadilisha ya kutosha hata mwenyewe akisoma asijijue, na chakula alichokuwa akileta si mahamri, wala sitakitaja.) Alikuja kwa sababu alifiwa na mwanawe. Tumekutana mara sita. Kila mara huchelewa kidogo, huja na kifurushi, huniambia, "Kula kwanza mwanangu, umekonda." Nikimaliza kula naye akimaliza habari za majirani, nusu ya muda imekwisha.

"Nawe hula?"

"Hula."

"Halafu?"

"Halafu humshukuru."

Mwalimu akatazama saa ya ukutani, akatazama gazeti, akanitazama mimi. "Umechelewa robo saa. Umeniletea chakula. Umenipa habari za feri. Sasa mwanangu, nikushukuru?"

Nilisikia feni ikizunguka. Halafu tukacheka wote wawili mpaka nikashika ubavu.

Kinachoniuma ni kwamba jambo hili nalijua. Harold Searles, daktari wa akili Mmarekani, aliandika mwaka 1955 kwamba yanayopita kati ya mteja na mshauri huweza kujirudia kati ya mshauri na msimamizi wake, bila mshauri kujua kwamba ndiye anayeyabeba. Chuoni nilijibu swali hilo na kupata alama nzuri. Leo nimelibeba mwenyewe, likinuka iliki, nikapanda nalo ngazi, na sikuliona.

Searles alisema pia kwamba yale msimamizi anayoyahisi akiwa amekaa na mshauri ni habari, yasipuuzwe. Mwalimu hakumtaja Searles, ila alifanya hivyo hivyo. "Ulipoweka chakula mezani," aliniambia, "nilihisi kwamba nikikuuliza jambo zito nitakuwa mtovu wa adabu. Ungekuwa umenikirimu, nami nakuchokonoa." Nikanyamaza. Maana hivyo hasa ndivyo ninavyohisi mbele ya yule mama, na kwa wiki sita nimekuwa nikiita heshima. Mtu mzima amekupikia, utamkatisha uanze kumuuliza kuhusu kifo?

Kisha akauliza swali moja, kwa sauti ya chini kabisa. "Kwenye matanga ya mwanawe, yeye alikaa wapi?"

Sijui.

"Alikaa mkekani akaliliwa, au alikuwa jikoni?"

Sijui, Mwalimu. Mara sita, na sijui.

Nikaanza kusema kwamba hata mimi, kakangu alipofariki, nilikuwa nikipokea wageni. Hapo Mwalimu akainua kiganja taratibu. "Hilo nimelisikia, na ni lako. Litafutie mtu wa kukusikiliza, asiwe mimi. Hapa tulitaje tu, tujue limo chumbani ukikaa na yule mama." Wengi hudhani kwenda kwa supavaiza ni kwenda kulia. Kulia hutokea, lakini anayepewa kiti pale ni mteja asiyekuwepo.

Mahali nilipoanzia kazi, miaka ya nyuma, mambo hayakuwa hivi. Msimamizi wangu ndiye aliyekuwa bosi: ndiye anayetia sahihi likizo, ndiye anayeandika ripoti ya mwisho wa mwaka. Alikuja na rejista, akahesabu wateja, akauliza fomu zilizopungua, akaondoka. Nani angemwambia mtu kama huyo kwamba jana alisinzia mbele ya mteja, au kwamba kuna mteja anamchukia? Mwingereza Brigid Proctor aliigawa kazi ya usimamizi mafungu matatu: kulinda viwango, kumfunza mshauri, na kumrudishia nguvu. Pale tulipata la kwanza tu, nalo kwa kalamu nyekundu. Nilijifunza kusema "kila kitu kiko sawa" kwa ufasaha mkubwa, na leo, mlango ukiwa haujafungwa vizuri, nimelisema tena.

Sasa najilipia mwenyewe. Wanachama wenye ithibati wa BACP, chama cha washauri nasaha cha Uingereza, hutakiwa wapate angalau saa moja na nusu ya supavisheni kila mwezi, na mimi nimejiwekea hicho hicho kiwango. Kenya tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia tangu 2014, lakini sheria hailipi nauli, na kuna miezi natazama pesa za Mwalimu na karo ya mtoto zimelala mezani pamoja, nazikodolea macho. Mwezi wa Aprili sikwenda. Sasa nikihesabu nyuma, yule mama alianza kuja baada tu ya hapo.

Muda ulipoisha Mwalimu akafungua gazeti. Akala hamri moja polepole, akasema yamepoa lakini mpishi anajua kazi, akanifungia yaliyobaki. Kwenye feri nilikula mawili nimesimama, na mengine nikampa mama aliyekuwa na watoto watatu kando yangu. Hata sikumuuliza kama wana njaa.

Nimeandika swali moja juu ya ukurasa wa Jumanne, bila maelezo: *alikaa wapi?* Akija na kifurushi nitakipokea kwa mikono miwili, nikiweke pembeni kikiwa kimefungwa, nimwambie tutakula tukimaliza. Nimejaribu kuisema sentensi hiyo mbele ya kioo. Mara ya kwanza imetoka kama amri, ya pili kama ombi. Bado naitafuta sauti yake.