Kichupa cha dukani kilichopandisha presha ya macho yangu

Mimi ni fundi cherehani hapa Bombo, Uganda. Nilipoambiwa nina glaukoma, ugonjwa unaoua polepole neva ya kuonea, mara nyingi kwa presha kubwa ndani ya jicho, nilishika dawa barabara, na presha ya macho ikashuka hadi 17. Ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Kisha siku moja kliniki, Kampala, jicho la kulia likasoma 31. Kwenye kile kipimo cha kubonyeza kitufe kila uonapo kimwanga, upande wa juu karibu na pua sikubonyeza kabisa. Sikuwa nimehisi lolote, hata maumivu.

Daktari hakunigombeza. "Hajati, safari ijayo niletee kila unachotia machoni, hata tusichokupa sisi."

Nikabeba mfuko mzima. Akatoa kichupa nilichonunua duka la dawa bila cheti. Wakati wa kiangazi vumbi la barabarani huniwasha macho mpaka nashindwa kushona, na matone yale yalikuwa yakinituliza papo hapo. Niliyatumia miezi. Kumbe ndani mna deksamethasoni, yaani steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Alinieleza kwamba steroidi huziba njia ambayo maji ya ndani ya jicho hutokea. Maji yakikwama presha hupanda, na neva ya jicho huumia. Mtu yeyote anaweza kupatwa, lakini mwenye glaukoma ndiye huumia zaidi. Niliumia moyoni, kwa sababu neva ikifa hairudi. Si kama mtoto wa jicho anayeondolewa ukaona tena.

Nikaacha matone yale. Siku hizi vumbi likizidi nakanda macho kwa kitambaa chenye maji baridi, na kuwasha kukikataa naenda kliniki.

La pili lilikuwa Ramadhani. Nilikuwa naruka timololi, tone langu la glaukoma la asubuhi, kwa sababu nilisikia uchungu wake kooni na kuogopa kufungua. Sasa naitia baada ya daku kabla ya adhana, na tone lake la pili baada ya futari. Nikishatia nafumba jicho na kubana kona ya ndani, karibu na pua, kwa dakika mbili. Dawa nyingi inabaki jichoni, inayoshuka kooni ni kidogo. Nasubiri dakika tano kabla ya tone la dawa nyingine. Hiyo nyingine, latanoprosti, ni saa tatu usiku, simu inaniamsha hata nikiwa nimesinzia.

Kisha akauliza vidonge vyangu vya presha ya damu navimeza saa ngapi. Usiku, nikasema. Presha ya damu ikishuka mno usingizini, neva ya jicho hupata damu kidogo. Akamwandikia daktari wangu wa presha, wakakubaliana nihamie asubuhi. Mimi mwenyewe nisingethubutu kubadilisha.

Miezi minne baadaye jicho lilisoma 16. Ile sehemu iliyopotea bado imepotea, lakini haijapanuka.

Yako yanayozidisha hatari ya glaukoma nisiyoweza kuyabadilisha: umri, na konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ambacho daktari alikipima akakikuta chembamba. Baba alikufa kipofu, nasi tukasema ni uzee. Ugonjwa huu hurithiwa katika ukoo, tena sisi watu weusi hutuanza mapema na kwa ukali. Nikawapigia ndugu zangu wote. Kaka wa Arua alibisha, anaona vizuri, miwani ya nini? Akapimwa hata hivyo: 28. Sasa saa tatu usiku hunipigia, "Dada, umetia?" nami namuuliza hivyo hivyo.