Roda ya Katwe kwenye mlingoti wangu

Mashua yangu ndogo ya faiba ililetwa Entebbe kwa lori kutoka Mombasa, na chumvi ya pwani ikaja nayo. Skrubu za stenlesi zilikuwa zimegandia kwenye mlingoti wa alumini kwa ule unga mweupe unaofanyika metali mbili zikikutana penye chumvi. Ukilazimisha bisibisi unamaliza kichwa cha skrubu tu. Alumini ikipata joto hutanuka kuliko stenlesi, basi nikawa namwagia maji yanayochemka, natia mafuta ya kulainisha, nasubiri, narudia, hadi zikakubali. Wakati wa kurudisha nilipaka grisi kwenye nyuzi za skrubu, na chini ya kila kipande cha stenlesi nikaweka kiwambo nilichokata kwenye jerikeni kuukuu.

Kazi kubwa ilikuwa kapi, zile puli za kupitishia kamba za tanga. Ziwa Viktoria ni maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo kutu haina haraka huku. Lakini jua la ikweta, tena mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, halina huruma na plastiki: roda, vile vigurudumu vya ndani ya kapi, zilikatika mkononi kama biskuti. Pande za chuma zilikuwa nzima kabisa, na kuzitupa kwa ajili ya kigurudumu kimoja niliona ni israfu. Nikazipeleka Katwe, Kampala, kwa fundi mwenye mashine ya kuchonga.

"Mzee, hii ni ya toroli?"

Nikamwambia ni ya tanga, akacheka, akaipima. Nilimpa ubao mnene wa plastiki, ule wa kukatia nyama, kwa sababu nailoni hunyonya maji, ikavimba na kukwama. Akachonga mfereji kufuata unene wa jarari yangu, ile kamba ya kupandishia tanga. Roda hizo sizitii grisi maana inakamata mchanga. Nazisuuza kwa maji ya sabuni, basi.

Jarari yenyewe niliigeuza tu, ncha iliyokuwa ikilika kule juu sasa iko chini.

Waya za kushikilia mlingoti ndizo sikutaka kuzibembeleza. Nilipitisha pamba kwenye kila waya. Mmoja ukanasa nyuzi za pamba, yaani waya umeanza kukatika. Huo nimeagiza mpya. Wa zamani mke wangu anaanikia nguo.