Mimba ya Ngapi

Aliikata. Hicho tu ndicho kinachonikereketa hadi usiku huu. Msichana wa kliniki alikuwa ameshaandika 2 kwenye kadi yangu ya ujauzito, akapitisha mstari juu yake, akaandika 1 pembeni, kisha akanifunga mkanda wa presha mkononi na maisha yakaendelea.

Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi, na nimeyarudia kichwani mpaka nayajua kama sala:

"Mama, hii mimba ya ngapi?"

"Ya pili."

"Wa kwanza ana miaka mingapi?"

"Hayupo. Ile ilitunga nje, nikafanyiwa upasuaji."

"Aa, pole sana. Basi hii ndiyo ya kwanza."

Pole yake ilikuwa ya kweli, simnyimi haki yake. Ni msichana mwenye uso mwema na foleni ndefu mlangoni. Lakini kazi yangu ni ya hesabu. Kwetu ukikata tarakimu unaweka saini pembeni, na mkaguzi akija unaeleza kwa nini. Huyu hakuweka saini.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo: bwana mkubwa, yaani mume wangu, amepata uhamisho, shemeji mdogo hatimaye ameoa, hesabu za robo mwaka zimefungwa, na mimi, kama mlivyokwisha kung'amua, nina ujauzito. Ila nikifumba macho ninachokiona ni ule mstari wa kalamu.

Nimeshamjibu upya mara nyingi, kila mara akiwa hayupo.

Bafuni nilimjibu kwa upole. Dada yangu, nikamwambia, ile ilikuwa mimba. Yai lilirutubishwa mrijani, kama yanavyorutubishwa mayai karibu yote, maana hata mimba iliyokaa vizuri kabisa haianzii kwenye mfuko wa uzazi. Baada ya hapo hutakiwa kusafiri siku kadhaa hadi mfukoni, lijipandikize huko. La kwangu liliishia njiani. Hedhi ilichelewa, kipimo cha mkojo kikatoa mistari miwili, matiti yakauma, kichefuchefu kikaja. Mwili haukujua tofauti, na mimi sikuijua. Majina nilikuwa nimeshaanza kuyachagua. Hayo ya majina sikumwambia hata huyo wa bafuni.

Na kabla hujaniuliza, kama alivyouliza shangazi, kwa nini hawakuichukua wakaiweka panapostahili: haiwezekani. Hakuna daktari popote mwenye uwezo huo. Nyingine hufifia zenyewe chini ya uangalizi, nyingine zikiwahiwa zingali ndogo hukomeshwa kwa sindano ya methotreksati. Yangu ilikuwa imeshaupasua mrija na damu inamwagikia tumboni. Pale hakuna mjadala, ni kisu.

Jikoni nilimjibu kwa ukali, tena kwa sauti, mpaka bwana mkubwa akachungulia kuuliza naongea na nani. Katika mimba 100, moja au mbili hutunga nje ya mfuko. Kwa mwanamke aliyekwisha kupata moja, uwezekano wa kurudia ni kama 1 katika 10. Ndiyo maana mtu kama mimi haambiwi asubiri mpaka tumbo lionekane. Hedhi ikichelewa tu apime, damu ichukuliwe, ichukuliwe tena baada ya saa 48 kuona kama homoni ya mimba inapanda inavyotakiwa, na ultrasaundi ifanywe mapema. Sasa kadi yenye 1 inasema lipi kati ya hayo? Inasema huyu mgeni, mpeni vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya kurudi. Nikianguka mbele za watu, atakayefungua mkoba wangu atasoma hiyo 1 na kuiamini.

Hapo ndipo nilipoona kwamba sikasiriki kwa huzuni peke yake. Nina hoja.

Jibu la tatu halikuwa jibu, lilikuwa kumbukumbu ya wifi. Ni habari ya bega, siku ile mrija ulipopasuka, na nitaisema kwa kifupi. Maumivu ya chini ya tumbo upande mmoja, sawa, hayo kila mtu huyatarajia. Lakini lile bega! Pale juu kabisa, mwisho wa bega, maumivu yanayozidi ukilala chali, na mkono hujaubebesha kitu. Damu ikivujia tumboni hukera kiwambo cha kupumulia, na neva inayokihudumia kiwambo hicho hutokea shingoni pamoja na zile za bega, basi ubongo unaambiwa bega wakati moto uko kwingine. Mimi nilikuwa natafuta mafuta ya kuchua.

"Wifi, hedhi umepata?"

"Nimeona damu kidogo. Nyeusinyeusi, majimaji."

"Na choo?"

"Nahisi haja kila dakika, nikienda hakuna kitu."

"Kizunguzungu?"

Sikumjibu hilo, maana nilikuwa nimeshika ukuta. Akasema, "Hiyo si hedhi. Vaa viatu." Hakuwa na digrii ya chochote. Alikuwa amemsindikiza rafiki yake miaka ya nyuma, akachelewa kidogo tu, na tangu hapo mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa akilalamika tumbo mbele yake huulizwa hayo maswali, hata kama ana kitanzi, hata kama alifunga kizazi. Tulikuwa tukimcheka.

Watu baadaye waliuliza nilifanya nini. Ni swali la ajabu sana kuulizwa ukiwa na nyuzi tumboni. Ndiyo, maambukizi ya zamani kama klamidia na kisonono huacha makovu mrijani, na sigara ina sehemu yake, na upasuaji wa mirija pia. Lakini karibu nusu ya wanaopata hawana hata kimoja kati ya hivyo. Mimi ni wa hiyo nusu, na hata ningekuwa wa ile nyingine, swali lingebaki la ajabu.

Sasa Alhamisi.

Picha ya ultrasaundi alinipangia daktari wangu ambaye hahitaji kadi kunikumbuka. Aliyenipiga picha hiyo ni mzee mkimya, mwenye miwani iliyoshuka puani. Kabla hajagusa mashine aliuliza, "Ile ya mwanzo ilikuwa upande gani?"

Nikasema, "Kulia."

"Mrija waliutoa wote?"

"Wote."

Akatikisa kichwa, akaanza kutafuta. Basi. Hayo tu. Nilikuwa nimejiandaa kubishana, nina hotuba mbili za bafuni na jikoni ziko tayari, na mzee kaniuliza upande gani, ikanibidi nitazame dari nisilie.

Alikiona kifuko na hakusema kitu. Nilijua kwa nini hasemi: kifuko kitupu ndani ya uzazi huweza kuwa majimaji tu yanayodanganya, huku mimba yenyewe ikiwa mrijani. Akasogeza, akakuza, akasubiri. Kisha akageuza skrini kunionyesha ndani yake kipete kidogo cheupe, kile kifuko cha kiini, ambacho hakidanganyi.

"Iko ndani, mama."

Halafu akaongeza, kama mtu anayesimulia mpira, kwamba yai lilitoka kwenye ovari ya kulia. Alama iliyobaki pale lilipotokea ilikuwa inaonekana. Nikamwambia kulia sina mrija. Akasema ndiyo, wa kushoto umelidaka, hutokea. Mrija wa upande mmoja huweza kuchukua yai la upande wa pili.

Nilicheka mpaka akaniomba nitulie, picha inatikisika. Nilimpigia wifi nikiwa bado kwenye ngazi. Alinyamaza kidogo, nikajua analia, kisha akasema, "Huo mrija una bidii kuliko kaka yangu." Bwana mkubwa alikuwa anasikia.

Kadi nitarudi nayo kliniki. Sitaki ugomvi, nataka 2 yangu na saini pembeni. Nikimkuta yule msichana nitamwambia habari ya 1 katika 10, polepole, toleo la bafuni.

Linaloninyima usingizi sasa ni lingine kabisa. Uhamisho unaanza mwezi ujao na mama mkwe hajaambiwa. Tumekubaliana aambiwe Jumapili baada ya chakula, ila hatujakubaliana nani amwambie. Bwana mkubwa anasema habari nzito hupokelewa vizuri zikitoka kwa mkwe. Wifi amesema yeye Jumapili hatakuwepo.